Mkono Alioinua Remy

Jua halijachomoza, na theluji imefunika magari yote uwanjani. Ndani, Vern Halvorsen anarudisha nyuma video ileile, anaitazama, anairudisha tena. Kahawa yake imeshapoa.

"Hapa," ananiambia akigusa skrini. "Mtazame Pulaski, usimtazame dogo."

Vern ana miaka sitini na mmoja. Kazi yake katika klabu hii ya mpira wa Kimarekani, hapa Wisconsin, ni kuwapima walinzi wa mstari wa mbele, yale majitu yanayomkinga mrushaji mpira asiangushwe. Kocha mkuu hawezi kutazama kila kitu, hivyo humwamini Vern.

Agosti alimpima Remy Fontenot, kijana wa Louisiana aliyegombea nafasi ya mwisho kikosini. "Miguu yake, bwana! Jitu la kilo mia na arobaini, linateleza kama lina magurudumu," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Katika mechi ya mwisho ya majaribio, mpinzani alipenya kati ya Remy na jirani yake, mkongwe Pulaski, akamwangusha mrushaji vibaya. Kwenye kikao kocha akafoka, "Yule alikuwa mtu wa nani kumzuia?"

Remy akainua mkono. "Wangu, Kocha."

"Umekuja kucheza au kufungulia watu geti?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Pulaski akatazama viatu vyake. Vern akampa Remy alama mbaya, na kesho yake kijana akaambiwa afungashe.

Walinzi wana desturi yao: mwenzako akikosea, unainua mkono wewe. Vern aliishi nayo miaka tisa akicheza nafasi hiyohiyo.

"Nimebeba makosa ya watu mpaka nikachoka," anasema. "Huwezi kumchoma mwenzio. Halafu dogo anainua mkono, na mimi, mimi mzima, namwamini! Hata video ya kamera ya nyuma sikuitazama."

Aliitazama Novemba, akitafuta jambo jingine. Pulaski anajipiga paja, ishara ya kubadilishana wapinzani wa kuzuia. Remy anahama kama alivyoambiwa. Pulaski mwenyewe anasahau kuhama. Vern alipeleka video kwa kocha mkuu, akajibiwa kwamba nafasi imejaa. Jambo hilo linamuuma, wala hafichi.

Remy sasa anapakia majokofu ghalani huko kwao. Vern anataka kuituma video kwa kila klabu inayomfahamu, pamoja na neno moja la Remy mwenyewe. Anapiga simu, anaweka sauti ya juu.

"Sema tu ukweli, mwanangu. Yule alikuwa mtu wa Pulaski."

Upande wa pili toroli linakwaruza sakafu.

"Pulaski hajambo?" Remy anauliza.

"Hajambo."

"Msalimie. Yule alikuwa wangu, Kocha."

Simu inakatika. Vern anafuta macho kwa mkono wa sweta, kisha anaanza kuituma video hivyohivyo.

"Umemsikia?" ananiuliza. "Huyo ndiye mlinzi. Ipatikane klabu moja tu ya kupokea simu yangu."