Pigo la Saba kwenye Shimo la Tano

Nikiitwa kusoma mbele ya watu, hata kama ni majina ya wanafunzi walioleta mafagio, sauti inanikwama. Niko kidato cha tatu na bado niko hivyo. Ndiyo maana niliipenda kazi ya kuandika matokeo ya gofu ya Baba. Nilidhani ni kuandika tu, simu inapiga hesabu, mimi nakaa kimya.

Watu wakisikia gofu Kanazi wanacheka. Baba alibeba mikoba ya wacheza gofu mjini kwa miaka kumi na moja, na aliporudi nyumbani alileta fimbo nne za chuma ambazo wenyewe walishazitupa, na ndoo ya mipira iliyochunika. Kwenye malisho nyuma ya kwetu alifukia makopo sita ya rangi, akachomeka miti yenye vipande vya mifuko ya mbolea kuwa bendera, akaanza kufundisha watu. Mwanzoni walikuja wawili na kuondoka wakicheka. Sasa Jumapili baada ya ibada wanafika wanane pamoja na yeye. Kuna walimu, kuna mwenye mashine ya kusaga, kuna wakala wa forodha anayetoka Rusumo na kreti lake la soda. Na mara moja kwa mwezi anakuja shemeji yangu, mume wa dada, Msukuma wa kule Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, na pikipiki yake imejaa vumbi.

Wanacheza shimo kwa shimo. Aliyetumbukiza mpira kwa mapigo machache, shimo hilo ni lake. Wakilingana, ni sare. Baada ya mashimo sita, mwenye mashimo mengi amemfunga mwenzake. Na kila mtu anapambana na kila mtu siku hiyohiyo, kwa hiyo watu wanane wanatoa mapambano ishirini na nane. Dau si hela. Baba aliona mjini jinsi hela zilivyogombanisha marafiki, akakataa. Dau ni jembe. Ukifungwa na mtu, msimu ukianza unamlimia asubuhi moja, kwa mikono yako mwenyewe.

Zamani matokeo yalitajwa kwa mdomo. Wawili wawili walisimama kwenye kichuguu karibu na shimo la sita, wakasema "nimemfunga" au "tumetoka sare," na Baba akaweka punje za mahindi kwenye kofia. Wengine walibishana mpaka ng'ombe wanarudi. Nikasema moyoni, hiki kitu mimi nakiweza. Shuleni tulikuwa tumefundishwa majedwali kwenye kompyuta, na simu aliyoniachia dada alipoolewa ina programu ya majedwali. Nilikaa nayo wiki mbili. Nikaweka safu ya kila mchezaji, shimo la kwanza mpaka la sita, halafu fomula za kulinganisha kila mtu na kila mtu. Nilijaribu kwa namba za kubuni mpaka nikaota namba. Kitu kimoja sikukijaribu, kwa sababu hakikuwa namba.

Shemeji alikuwa hajawahi kumfunga Baba. Miaka miwili yote, wakifika kwenye kichuguu, aliangalia chini na kusema, "Na Baba tumetoka sare." Kila mara sare. Mimi niliona ni kawaida tu, labda wanalingana. Nadhani Baba naye aliona hivyo.

Jumapili ile ya kwanza ya simu nilitembea nao malishoni. Baada ya kila shimo mtu ananitajia mapigo yake, naingiza. Shemeji alinitajia yake bila kuficha, nne, tano, nne, kwa sababu alijua mambo ya heshima yatasemwa mwishoni kwa mdomo kama siku zote. Sikumwambia kwamba hapatakuwa na kusema tena. Hata sikuwaza. Kwenye shimo la tano mpira wa Baba ulitumbukia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga. Aliuchimbua kwa fimbo huku wote wakicheka, akamaliza kwa mapigo saba. Nikaandika saba.

Kwenye la sita shemeji alirusha mpira wake juu ya mti mkubwa, na Baba akaufuata kwa macho mpaka ulipoanguka. Kwenye kichuguu wakala akafungua soda, akaniita, "Haya, mwanasayansi, tusomee!"

Nikaangalia kioo. Baba na shemeji: shemeji mashimo matatu, Baba moja, mawili sare. Masikio yakawaka moto. Baba amefungwa na mkwe wake. Maana yake Baba atabeba jembe aende kulima shamba la mume wa binti yake, mbele ya wakwe, na jembe hawezi kulikataa kwa sababu sheria aliiweka yeye. Kwetu jambo hilo halifanyiki. Kwa Wasukuma ndiyo kabisa. Mkwe mwenyewe akimwona baba mkwe njiani anapisha pembeni. Nikamwona dada kichwani mwangu, anaambiwa na watu wa kule kwamba amemfanya baba yake kibarua.

"Chaji inaisha," nikasema.

"Si ndiyo usome haraka!" akasema wakala.

Nikageukia pembeni. Naandika ukweli hapa kwa sababu mahali pengine siwezi. Nilifuta ile saba ya Baba kwenye shimo la tano, nikaandika tatu. Namba moja tu. Shimo likahamia kwa Baba, wakawa mawili kwa mawili.

"Baba na shemeji," nikasoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "sare."

Shemeji akashusha pumzi. Baba akatikisa kichwa kuridhika. Nikaendelea kusoma mpaka nikafika, "Baba na wakala, Baba amemfunga."

"He! Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hapana, binti. Mimi nilikuwa mbele kwa shimo moja, nimehesabu kwa vidole. Hiyo simu inakula rushwa?"

Wakacheka. Mwenye mashine ya kusaga akasema naye alimfunga Mzee, hebu aangaliwe. Na mwalimu mmoja vilevile. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwenye punje za mahindi ningeweza kuongopa pambano moja likabaki moja. Kwenye jedwali langu ile tatu ilikuwa imemgusa kila mtu, na kila mtu alikuwa na vidole vyake.

Baba akaja kusimama karibu yangu. Macho yake ya karibu ni mabovu, akaiweka simu mbali kama anapiga picha.

"Shimo la tano umeniandikia ngapi?"

Nikaangalia bendera ya shimo la sita.

"Mwanangu, nauliza."

"Tatu."

"Nilipiga saba. Wote wameona nikichimba kama muhanga mwenyewe. Andika saba."

Nikaandika saba. Jedwali likarudi lilivyokuwa. "Soma," akasema, na nikasoma lile la shemeji mwisho kabisa, labda dunia iishe kwanza. Haikuisha.

Wakala alikazana kukwangua karatasi ya chupa yake. Shemeji alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Baba, mimi sina shamba la kulimwa," akasema akiwa ameangalia viatu.

"Unalo. Nililiona nilipokwenda kuona ng'ombe wa mahari."

"Baba, tumetoka sare. Mimi nasema tumetoka sare."

"Miaka yote ulikuwa unasema hivyo," Baba akasema polepole, na nikaona anahesabu. Akachukua fimbo zake akaenda nyumbani, na wenzake wakaondoka bila kumaliza soda.

Wiki ile sikula vizuri. Mama aliniambia neno moja tu kwa siku nzima, "Ungeiacha kofia na mahindi yake." Dada alipiga simu, kwanza akawa analia tu, halafu akasema, "Umefanya nini wewe? Mama mkwe akimwona Baba na jembe hapa, mimi nitaficha wapi uso wangu? Mwambie asije." Nikamwambia Baba kwamba dada anaomba asije. Baba akaendelea kunoa jembe. Akasema, "Waliobeba mikoba pamoja na mimi walikuwa wanasogeza mipira ya matajiri kwa mguu ili wapewe soda. Mimi sikusogeza. Nitaanza leo na mvi hizi?"

Jumamosi tukapanda basi la alfajiri kwenda Biharamulo, mimi na yeye. Alitaka niende niandike kwamba deni limelipwa. Kulala kwa mkwe haiwezekani, kwa hiyo ilikuwa lazima twende na kurudi siku ileile. Njia nzima alishikilia jembe katikati ya magoti, na watu wakimuuliza anakwenda kulima wapi, anasema, "Kwa mtu." Mimi nilikuwa namwomba Mungu gari iharibike.

Tulifika Nyamahanga saa nne. Dada alitupokea, akapiga magoti, "Shikamoo Baba," na hakuinua macho. Mama mkwe wake hatukumwona, tuliona tu kitenge kikipotelea nyuma ya zizi. Shemeji hayupo. Baba akaenda moja kwa moja shambani, nami nyuma, na tukasimama.

Shamba lote lilikuwa limelimwa. Mvua za kwanza zilishanyesha na udongo ulikuwa umegeuzwa mpaka kwenye mpaka wa mihogo, mistari iliyonyooka ya jembe la ng'ombe. Dada akasema nyuma yetu, kwa sauti ndogo, "Alianza Jumatatu. Ng'ombe wamechoka mpaka leo hawajasimama."

Nilifurahi mpaka nikataka kukaa chini. Nikasema, "Baba, basi twende."

Baba alizunguka shamba akitazama kama anavyotazama malisho kabla ya kupiga. Katikati kulikuwa na kichuguu kikubwa, na ng'ombe hawawezi kugeuka karibu na kichuguu. Pembeni mwake palibaki majani, upana wa hatua tano hivi, kuzunguka chote. Baba akavua koti, akanipa, akaanza kulima pale.

Nilisimama na koti. Dada alikimbia ndani. Watoto wa majirani wakaja mpaka kwenye mihogo, nikawatishia kwa mkono waondoke. Kisha nikasikia jembe la pili. Nikazunguka nikakuta shemeji upande wa pili wa kichuguu, ametokea sijui wapi, analima, shati limelowa. Hakunisalimia. Aliweka kidole mdomoni.

Basi walilima hivyo, kichuguu katikati, hawaonani, wote wanaelekea upande mmoja wa kukutania. Baba alijua, lazima alisikia. Akaendelea kulima. Mimi nilikuwa naangalia majani yaliyobaki kati yao, hatua kumi, hatua sita, na niliogopa kuliko siku ile ya kusoma. Sikujua watu hawa wakikutana uso kwa uso na majembe mkononi watasemaje.

Zikabaki hatua mbili. Shemeji akasimama, akageuza uso kwa mihogo. Baba akalima zile mbili zote, akafika, akaegemea mpini.

"Shimo la sita," Baba akasema, anahema. "Ule mpira uliupigaje ukapita juu ya mti?"

Shemeji akapangusa jasho kwa mkono wa shati. Halafu, bado hamtazami, akageuza jembe lake kichwa chini, akalishika kama fimbo, akatanua miguu kwenye udongo.

"Niliuweka nyuma kidogo, Baba. Usawa wa mguu wa kulia."

"Rudia."

Akarudia. Baba akanyoosha mkono, akamsogeza bega kwa ncha ya kidole kimoja. Mimi nikatoa simu, nikaandika asubuhi moja, imelipwa.