Jivu Mlangoni kwa Shangazi

Shangazi yangu hufagia njia ya kurukia ndege, na ole wako umwambie ni kazi ndogo, utauonja ufagio. Fundi seremala, aliyehamia mbali siku nyingi, alimposa miaka nenda miaka rudi. Naye akawa anampiga chenga tu.

Ndipo ardhi ikatetemeka. Sahani zikamwagika kabatini, tukakimbilia nje, na simu ya kwanza kuita ikawa ya fundi, sauti ikimtetemeka kuliko hiyo ardhi. Shangazi akamsikiliza weee, kisha akasema, "Haya, njoo unioe." Nilidhani kaangukiwa na kitu kichwani.

Haukupita muda, mlima wa volkano ulio jirani nasi nao ukalipuka. Majirani, watu wasio na haya, wakasema tetemeko limeamsha wawili kwa mpigo mmoja. Mtaalamu redioni akaeleza kwamba si kila tetemeko huamsha mlima. Sharti uwe karibu, tena uwe umeshaiva chini kwa chini, kama sufuria inayotaka kufurika: ukiitikisa kidogo tu, inamwagika. Ya maji baridi tikisa utakavyo. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Kicheko kilikatika siku moja kabla ya harusi. Jivu lilitanda, na kwa kuwa huyeyuka ndani ya injini na kuiziba, ndege zote zikazuiwa. Bwana harusi akakwama kwenye benchi la uwanja wa ndege wa huko alikohamia.

"Nimemzungusha mpaka mlima umemfungia njia," Shangazi aliniambia, machozi yakimlengalenga. Niliumia, jamani.

Lakini mazoea yana taabu. Katika uchungu wake alinyunyizia maji mlangoni, kama afanyavyo kila asubuhi ili vumbi lisitimke, na jivu likawa uji mzito. Alipojaribu kulifagia likanasa ufagio. Akalisonya, akaliacha, akakimbilia kazini, kwani upepo ulikuwa umegeuka, ukapeleka jivu kwingine, na njia ya ndege ilitakiwa kusafishwa. Wenzake wanasema siku hiyo alifagia hadi wakauonea huruma ufagio.

Ndege ya kwanza ilishuka jioni. Fundi alifika nyumbani mbiombio, hakutazama chini, mguu mmoja ukazama kwenye tope la mlangoni.

Sasa limekauka, gumu kama sakafu, na alama ya kiatu imo. Juzi fundi alitaka kulibandua, mlango upendeze. Shangazi akamnyang'anya patasi.

"Hapo usiguse," alisema. "Ndipo ulipoingia."