Meza ya Vikombe

Elieth alimwomba baba yake meza ndogo ya sebuleni, ya kuwekea vikombe tu. Lakini kila akitoka Kibondo kwa pikipiki kuja kwa mzee Murungu kuiangalia, anakuta mbao zimeongezeka. Mzee hupima kwa shubiri, hupuliza maranda, hufumba macho akipapasa ukingo. Ukimwambia imetosha, anaitikia vizuri kabisa, kisha anachukua ubao mwingine. Jumapili hii meza ilikuwa pana kama kitanda.

"Jamani, baba! Hii itapita mlango gani? Mimi niliomba ya chai!"

"Chai mtu anakunywa amesimama, anaondoka," mzee akasema, msasa ukiendelea. "Kwenye ugali anakaa."

Elieth alikuwa amesimama, kikombe mkononi, hajavua hata helmeti.