Siku Niliyoipima Homa Nyumba ya Mama Luisa

Jamani, aibu hii nimewaficha watoto wangu mpaka leo, na hata mke wangu anaijua kwa sababu tu alikulia Kinondoni, na Kinondoni waliisimulia mpaka ikachakaa. Sasa nimeshazeeka, wacha niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwingine ikiwa imetiwa chumvi, ingawa kwa kweli haihitaji chumvi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi bati pale Chang'ombe. Nilikuwa natengeneza karai, ndoo, mifereji ya mvua, na yale mapipa ya kuchemshia maji ya kuoga, yanalazwa juu ya matofali nje ya nyumba, moto unawashwa chini, maji yanapita kwenye bomba mpaka bafuni. Kazi hiyo naijua, sijisifu. Ila nilikuwa na kasoro moja mbaya, neno "sijui" lilikuwa halinitoki kinywani. Ukiniuliza njia ya kwenda mahali nisipopajua nakuelekeza, na unapotea.

Jumapili moja baada ya misa akanisimamisha Mama Luisa. Huyu alikuwa mjane wa karani mkuu, mtu wa Songea, mwenye heshima zake, na marehemu alimwachia nyumba nzuri Kinondoni, nyumba ya umeme, mapangaboi matatu ya kupepea hewa darini (nyumba ya Mwafrika yenye pangaboi siku hizo watu walikuwa wanapita barabarani wakichungulia dirishani).

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Damasi. Mwanangu, nyumba imenichosha. Mapangaboi yamechakaa, moja linalia kama bata, na pipa la maji moto linavuja. Nataka nibadilishe vyote. Nifanyie makadirio, niambie yote pamoja yatakula kiasi gani. Shemeji yangu anasema niuze tu, nirudi nyumbani. Mie sitaki, lakini kama gharama ni kubwa sitakuwa na la kufanya."

Sasa hapo ndipo ningesema, Mama, pipa nalijua, mapangaboi mtafute fundi umeme. Maneno machache tu. Umeme mie nilikuwa naujua kwa kuuona, kama mtu anavyoijua meli. Lakini nilikuwa nawaza kufungua karakana yangu mwenyewe, na Mama Luisa akikusifu kanisani umepata kazi Kinondoni nzima, basi nikasikia mdomo wangu unasema, "Hilo dogo, Mama. Jumamosi nakuja."

Wiki nzima sikulala vizuri. Ndipo nikakumbuka kusikia kwamba mzungu mmoja, kabla ya kufunga mapangaboi ofisini, alipima kwanza joto la chumba kwa kipimo cha kioo. Nikasema hapo hapo, ndiyo dawa. Nikamwendea binamu yangu Venansi, dresa, mfunga vidonda kwenye zahanati, nikamsumbua mpaka akanipa kipimo kimoja kwa shingo upande.

"Sikiliza kwanza, Damasi," akasema, "hicho ni cha..."

Mie nilishafika mlangoni.

Jumamosi alasiri nafika, shati jeupe, penseli sikioni, nakuta sebule imejaa. Akina mama wa chama cha kanisani wanakunywa chai, shemeji mtu, Mwalimu Fortunati, amekaa kwenye kiti cha marehemu, na pembeni yuko Bibi Eugenia, nesi aliyestaafu, kikombe chake mkononi. Mtu mwenye akili angesema nitarudi kesho. Mie nikafurahi kwamba nina watazamaji.

Nikapanda juu ya kiti kuyatazama mapangaboi, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, kile kipimo nikakiuma kwa meno, kama tunavyouma misumari. Nikashuka, nikakitoa, nikakiinua hewani katikati ya sebule, nikahesabu kimoyomoyo, nikasoma. Digrii mia na tatu, kwa Farenhaiti ya enzi hizo. Nikatoka barazani kwenye kivuli, mia na tatu. Bafuni, mia na tatu. (Na kila nikihama nakirudisha menoni, mlikumbuke hilo.)

Badala ya kushangaa nikaona nimegundua jambo. Nikarudi nikawaambia, kwa sauti ya mtu wa serikali, kwamba joto la nyumba hii limeenea sawasawa kila mahali, ni joto la hatari, mapangaboi matatu hayafui dafu, yanatakiwa manane, na pipa la maji moto lihamishwe mwisho wa ua kwa bomba refu la shaba maana ndilo linaloichemsha nyumba. Nikaandika, nikajumlisha, nikataja jumla. Kwa fedha ile ungenunua nyumba nyingine Manzese.

Mama Luisa akaweka kikombe chini taratibu.

"Basi," akasema, "shemeji, ulisema kweli. Iuze nyumba. Nitarudi Songea."

"Mnunuzi yupo," Mwalimu Fortunati akajibu, kalamu tayari mkononi. "Kesho nitamleta."

Nilijua kabisa kwamba yale manane nimeyatoa kichwani, na pale mbele yangu mama wa watu anauza nyumba yake kwa sababu ya karatasi yangu. Nikafungua mdomo niseme, nikaufunga. Aibu iliniziba.

Bibi Eugenia ndiye aliyesema. "Kijana, hebu pima na maji ya mtungini."

Nikachota kikombe, nikatumbukiza kipimo, nikasoma. "Mia na tatu, Bibi."

Akakichukua kile kikombe akanusa, akayamwaga maji nje, akajichotea mengine, akanywa. "Haya maji ni baridi," akasema. "Nipe hicho kipimo. Ulikikung'uta?"

"Kukung'uta vipi, Bibi?"

"Kipimo cha homa hakishuki chenyewe mpaka ukikung'ute. Hii mia na tatu ni ya mtoto fulani aliyekuwa mgonjwa, siyo ya nyumba." Akakigeuza, akakitazama kichwa chake kifupi kinene, kisha akanitazama mie kwa huruma. "Na hiki ni cha watoto wachanga, Damasi. Hakiwekwi mdomoni."

Mie kwa ujinga wangu nikauliza, "Kwani kinawekwa wapi?"

Wale akina mama wote wakatazama ndani ya vikombe vyao. Bibi Eugenia akaniambia, kwa upole, kinesi.

Sikumbuki nilivyofika uani. Nakumbuka nipo kwenye bomba nasukutua, nasukutua tena, na kutoka sebuleni kinakuja kicheko ambacho kikikaribia kuisha kinaanza upya. Mama Luisa akanifuata. Naye alikuwa amecheka, machozi yalikuwa bado mashavuni, lakini sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Niambie kweli, mwanangu. Katika yote uliyoniandikia, unajua lipi?"

"Pipa, Mama."

"Pipa tu?"

"Pipa tu."

"Basi nitazamie pipa."

Nikapiga magoti na shati langu jeupe kwenye majivu. Nikaligonga pande zote, nikalichokonoa. Kutu ilikuwa imekula chini tu, kwingine bati zima kabisa. Kipande kimoja cha bati, kazi ya asubuhi moja. Nikarudi sebuleni, nikalisema hilo mbele ya wote, nikasema pia kwamba umeme siujui, wamwite fundi wake, na karatasi yangu waichane. Mwalimu Fortunati akarudisha kalamu mfukoni.

Fundi umeme alipokuja, mapangaboi mawili yalitaka kusafishwa na kutiwa mafuta, moja tu ndilo lilibadilishwa. Nyumba haikuuzwa. Mama Luisa aliishi humo mpaka akalea wajukuu.

Mie Jumatatu nilikuwa pale naziba pipa, na majirani wakipita kunitazama. Mmoja akasimama, akaniuliza, "Fundi, na cherehani unatengeneza?"

Jasho likanitoka. Nikasema, "Cherehani mie siijui, mama."

"Haya," akasema, "nitamtafuta anayeijua." Akaenda zake.

Ikaishia hapo. Hakucheka, hakunidharau, hata hakugeuka nyuma. Nilibaki nimeshika nyundo, najiuliza miaka yote ile nilikuwa naogopa nini, na tangu asubuhi hiyo nisichokijua nasema sikijui, hata kabla sijamaliza kuulizwa.