Barua ya Mwanzi ya Sahbudin

Rosmaini alizaliwa Lebong, nchi ya milima ya Warejang, akaolewa Lebong, akafiwa na mume Lebong, na kwa miaka hamsini na minane hakuona sababu ya kuhama. Asubuhi aliuza lema sokoni Muara Aman, yale machipukizi ya mwanzi yaliyochachushwa pamoja na samaki, ambayo mgeni huyakunjia uso na mwenyeji huyaongezea wali. Mchana alichonga. Herufi za kale za Kirejang, ziitwazo Ka-Ga-Nga, alifundishwa na baba yake kwa ncha ya kisu juu ya mwanzi mbichi. Watoto walizisoma shuleni na kuzisahau mtihani ukipita. Watu wazima hata hawakujisumbua. Kijiji kizima kilimtegemea yeye, na kikauogopa ulimi wake.

Aliyetaka kuposa kizamani, kwa barua ya mwanzi, alikwenda kwa Rosmaini kuchongewa. Aliyeposwa naye akaileta kwa Rosmaini kusomewa. Hivyo mama huyu aliandika na kusoma peke yake, na vijana wenye aibu aliwaongezea utamu kidogo bila kuwauliza. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Alasiri moja akaja Sahbudin, mgane mwenye shamba la kahawa, ambaye kila siku alipitia barazani hapo kunywa kikombe kimoja na kusinzia mkekani. Rosmaini alimpenda mtu huyu, tena sana, ila angekufa kabla ya kulitamka. Leo amekuja na pingili ya mwanzi, anataka barua ya posa.

“Ya kumpelekea nani?”

“Mwanamke. Wewe chonga tu, Bi Rosmaini. Sema nyumba yangu ni kubwa na mtu ni mmoja.”

Alipoondoka, wivu ulimkaba Rosmaini mpaka kikombe kikamponyoka. Akashika kisu, akachonga ya kwake: *Usimkubali. Anakoroma. Niachie mimi.* Akasugua masizi na mafuta mpaka herufi zikakolea weusi. Hofu hakuwa nayo. Huyo bibi, awe yeyote, angeuleta mwanzi papo hapo barazani, naye angesomewa lolote ambalo Rosmaini angependa.

Kesho yake Sahbudin aliupokea mwanzi, lakini hakuondoka. Aliketi, akavaa miwani, akaanza kufuata mstari kwa kidole. Rosmaini akamtania kwamba herufi hizi hazisomeki kwa miwani tu. Mzee akazidi kusogeza kidole. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

“U-si-m-ku-ba-li,” akasoma, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Rosmaini aliona uso unamuwaka. Kumbe tangu msimu wa kupanda mpunga mtu huyu alikuwa ameazima daftari la mjukuu wake, akijifunza kimyakimya. Akasoma hadi neno la mwisho, akalirudia, kisha akavua miwani.

“Nilitaka nikusomee mwenyewe,” akasema. “Nilijua ukiisoma wewe utaongeza chumvi.”

“Mimi?”

“Barua ilikuwa yako, Bi Rosmaini. Nani mwingine kijijini hapa ningemwandikia kwa herufi hizi?”

Furaha ilimjaa Rosmaini kifuani. Akanyoosha mkono, akauomba mwanzi akwangue japo lile neno la kukoroma, maana yule mjukuu naye atalisoma.

Sahbudin akauvuta kwake.

“Liache,” akasema. “Hilo ni kweli, na utalisikia mwenyewe kila usiku.”