Shimo la Mpima Udongo

Mpima udongo aliyekuja kwenye shamba la nyasi la shangazi alianza kwa kuvua viatu, kisha akachimba shimo. Udongo wa kila tabaka aliutia kiganjani, akautemea mate, akaufinya kwa kidole gumba mpaka ukatoka utepe mfupi, ukakatika. "Tifutifu," akanong'ona, kwa sauti ya mtu aliyemtambua jirani yake ugenini. Nikanyoosha shingo kuchungulia shimoni. Juu ulikuwa mweusi, umejaa mizizi. Chini ukageuka kahawia, bila doa la kijivu hata moja. "Maji hayatuami hapa," akasema. "Hili ni shamba la daraja la kwanza." Shangazi akaguna. Shamba alikwisha kuliuza, na mnunuzi alitaka tu kujua kama ardhi itabeba ghala.

Nilidhani atafukia shimo ovyo ovyo aende zake. Wapi! Aliurudisha udongo kwa mpangilio wake, wa kahawia kwanza, kisha mweusi, na juu kabisa pande la nyasi, akalikanyaga taratibu kwa nyayo zake.

"Fundi, tingatinga si linakuja kesho?" nikamuuliza.

"Linakuja," akajibu, huku akizimiminia nyasi zile maji yake ya kunywa, yote.