Kidole cha Mzee Makokha

Nakumbuka alasiri moja Kawangware, mwanangu, mabati ya kanisa yakilia kwa jua kali.

Miaka hiyo ya tisini tulitaka katiba ibadilishwe. Akaja wakili mzee kutoka visiwa vya Karibiani, aliyewapigania maskini wa kwao mpaka wakapata haki ya kupiga kura, atusaidie kupeleka ombi letu serikalini. Mimi nilipewa karatasi nikusanye alama za vidole huku mtaani Lindi, Kibera.

Jirani yangu Mzee Makokha, fundi wa viti, alikataa. "Wee kijana, siweki kidole kwa kitu sijasomewa yote. Rudi Jumapili unisomee."

Sikurudi. Pengine ni uvivu, pengine niliona haya, maana kusoma kwangu ni kwa kukwama. Sijui hata leo. Jumatano akafa. Nikaweka kidole changu kwa jina lake.

Basi kule kanisani wakili akasema kabla ombi halijapelekwa, kila mwenye jina aitike. Akayatamka vibaya, watu wakacheka.

"Hiyo si jina yangu, mheshimiwa, ni ya mbuzi!"

Wakili akaita, "Makokha."

"Niko."

Sauti ilitoka nyuma, ya kukwaruza kama randa kwenye mbao. Tukageuka. Benchi la mwisho lilikuwa tupu. Nisimsingizie mtu: labda mpita njia alifanya mzaha mlangoni. Lakini nilinusa vumbi la mbao.

Wakili akainama juu ya karatasi. Alama ya kidole kwenye mstari wa Makokha ilikuwa na kovu. Alama yangu, mstari wa juu yake, kovu lile lile.

"Amekufa," nikasema.

Akaongea polepole, katekista akitafsiri: "Waliotunyima kura kwetu walitusemea hivi hivi. Na sisi tulikuwa hai."

Akanipa karatasi mpya, tupu, nianze upya. Ombi likachelewa kwa sababu yangu. Nilipita mlango kwa mlango nikisoma yote, nikikwama, wakinicheka. Mwisho nikasimama mbele ya kibanda cha Makokha, kimefungwa kufuli, nikamsomea pia. Nilipomaliza, nikasikia randa ikipita kwenye mbao mle ndani, mara moja tu.

Mstari wake nikauacha wazi.

Mwanangu, usimsemee mtu ambaye hujamsikiliza, hata kama jambo ni jema. Mimi si mwalimu wa mtu, ila hilo nimeliona. Mungu akupe masikio ya subira, na ukiitwa jina lako, uitike mwenyewe.